Kaniama: Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Mtoto mwenye homa akifikishwa kwenye kituo cha afya, katika eneo la Kaniama, jimboni Haut-Lomami, muuguzi anapaswa kumchoma kidole kabla ya kumpa dawa. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, kile ambacho wengi wanakiita TDR. Kisha mama anasubiri. Mistari miwili ikitokea, ni malaria.

Wakaaji wengi wanadhani wekundu huo ni damu au wino. Katika vipimo vingi ni dhahabu.

Lakini dhahabu inayochimbwa Ituri au Kivu ya Kusini ni ya njano. Inageukaje nyekundu? Jibu liko kwenye ukubwa. Chembe za ndani ya kipimo ni ndogo mno: zile za nanometa 40, ukizipanga 25,000 kwa mstari, zinafikisha milimita moja tu. Mwanga ukizigusa, elektroni zake huyumba zote pamoja, kama maji yanavyoyumba ndani ya beseni. Wanasayansi wanaita hali hiyo plazimoni. Chembe hizo zinameza mwanga wa kijani, na jicho linabaki na wekundu. Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya dhahabu huko London miaka ya 1850. Gustav Mie, Mjerumani, akaeleza sababu ya rangi hiyo kwa hesabu mwaka 1908.

Katika kipimo, kila chembe imevikwa kingamwili zinazokamata protini ya kimelea cha malaria. Zikiisha kuikamata, zinasafiri kwenye karatasi na kunaswa kwenye mstari wa T. Chembe moja haionekani. Zikirundikana nyingi, wekundu unatokea. Ndiyo maana mstari hafifu ni malaria pia, hata kama jirani atasema “si kitu”. Mstari wa C usipotokea, kipimo hakifai, kirudiwe. Tena, mstari wa T unaweza kuendelea kutokea kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu protini hukawia kwenye damu.

Tatizo ni wale wenye vimelea vichache, wakiwemo wajawazito, ambao chembe zao hazitoshi kuonekana. Mwaka 2012, watafiti wa University of Minnesota, Marekani, walimulika kwa leza kipimo cha aina hiyo cha ugonjwa wa fangasi wa kriptokoka. Dhahabu ilipata joto, na joto hilo likapimika hata pale jicho halikuona mstari. Uwezo wa kugundua ugonjwa ukaongezeka mara 32.

Leza inahitaji mashine na umeme, vitu ambavyo vituo vingi vya vijijini havina. Karatasi yenye dhahabu haihitaji hata betri. Kwa sasa kinachohitajika ni mwanga wa kutosha, saa, na muuguzi anayesoma kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelezo ya kipimo, si baada ya kurudi kutoka kula.