Play-Doh ilianza kama kifuta masizi

Ukilea watoto huku Marekani, lazima umeshawahi kubandua Play-Doh iliyogandia kwenye zulia. Mashine ya kufyonza vumbi haiiwezi, unabaki kuing'oa kwa kucha. Na kumbe kitu chenyewe kilitengenezwa ili kusafishia nyumba!

Sisi wa kuta za chokaa tunahitaji maelezo kidogo. Zamani nyumba nyingi za hapa zilibandikwa karatasi za mapambo ukutani, na wakati wa baridi zilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Masizi yakatanda kwenye karatasi, nazo hazikuvumilia maji. Ndiyo maana tangu miaka ya 1930 kampuni ya Kutol ya Cincinnati, Ohio, iliuza donge laini la unga, maji na chumvi. Unalipitisha ukutani, linazoa masizi, unalikanda upya ili upande mchafu uingie ndani, kisha unaendelea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wakahamia gesi na mafuta, na zikaja karatasi za plastiki zinazofutika kwa kitambaa kibichi. Donge likakosa kazi. Joe McVicker, kijana wa familia yenye kampuni, akawa anaitazama biashara ikizama.

Shemeji yake, Kay Zufall, alikuwa na shule ya chekechea New Jersey. Alisoma mahali kwamba donge lile linafaa kufinyangia mapambo ya Krismasi, akalinunua, akawapa watoto. Udongo wa kufinyangia wa siku hizo ulikuwa mgumu kwa vidole vidogo, hili liliwatii. Akamwita Joe aje ajionee.

Kiwandani sabuni iliyokuwamo ikatolewa, harufu ya lozi ikatiwa. Joe alitaka kuliita Rainbow Modeling Compound, jina la pipa la rangi kabisa. Kay na mumewe ndio waliomwokoa kwa Play-Doh. Mwaka 1956 likaanza kuuzwa katika duka la Woodward & Lothrop, Washington, likiwa na rangi moja tu, nyeupe iliyofifia. Nyekundu, bluu na njano zilifuata baadaye.

Simulizi nyingi huuita huu uvumbuzi wa bahati. Kwa Joe, sawa, ilikuwa bahati ya mtende. Kay alikuwa anawatafutia wanafunzi wake kitu cha kufinyanga, na alikipata. Hataza ilitoka mwaka 1965 kwa majina ya Joe na ami yake, Noah McVicker. La Kay halimo.