Mbigili wa Maria na ini la mwanadamu

Kandokando ya Bahari ya Kati huota mmea wenye miiba, wa jamii moja na alizeti, wenye ua la zambarau na majani mabichi yaliyopitiwa na michirizi myeupe. Waamini wa Ulaya walisimuliana tangu zamani kwamba michirizi hiyo ni maziwa ya Bikira Maria, yaliyodondoka alipokuwa akimnyonyesha Mtoto Yesu. Simulizi hiyo si fundisho la Kanisa, bali ni uchaji wa watu wa kawaida. Hata hivyo imebaki katika jina la kitaalamu la mmea huo, Silybum marianum. Sisi hapa tutauita mbigili wa Maria.

Mbegu zake zilitumika kwa karne nyingi kutibu maradhi ya ini na nyongo. Katika karne ya 19, tabibu Mjerumani Johann Gottfried Rademacher aliwapa wagonjwa wake dawa ya maji iliyotengenezwa kwa mbegu hizo. Ilipofika miaka ya 1960, Hildebert Wagner na wenzake mjini München walifaulu kutenga kutoka humo mchanganyiko uitwao silimarini, ambao sehemu yake kubwa ni kiambata kiitwacho silibinini.

Nguvu yake huonekana vizuri zaidi katika sumu ya uyoga. Uyoga uitwao Amanita phalloides, ambao umewaua watu wengi Ulaya, una sumu inayoingia katika seli za ini kwa kupitia milango maalumu ya ukuta wa seli. Ikisha kuingia, husimamisha utengenezaji wa protini, na seli hufa. Kisha hutoka na nyongo hadi utumboni, ikafyonzwa tena na kurudi katika ini lile lile. Silibinini huiziba milango hiyo. Ndiyo maana hospitali kadhaa za Ulaya humdunga mgonjwa dawa hiyo katika mshipa mapema iwezekanavyo. Ni kweli kwamba ushahidi wake unatokana na kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa, si na majaribio ya kulinganisha makundi. Lakini utendaji wake unaeleweka.

Je, mmea huo waweza kuponya homa ya ini itokanayo na virusi? Swali hili latugusa sisi, kwa maana katika parokia zetu wamo ndugu wengi wanaoishi na homa ya ini aina ya B, na wauzaji wa vidonge vya mitishamba huwaahidi mengi. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C. Kwa majuma 24 baadhi yao walimeza silimarini kwa kipimo kikubwa, wengine wakameza vidonge visivyo na dawa. Makundi hayo hayakutofautiana. Kuikinga seli dhidi ya sumu ni jambo moja, na kukishinda kirusi ni jambo jingine.

Kwa hiyo tunamsihi kwa upendo kila anayetumia vidonge vya hospitali kwa ajili ya homa ya ini aina ya B asiviache ili ajaribu mitishamba. Vikiachwa ghafla, virusi vyaweza kuamka na kuliharibu ini kwa kasi. Anayependa kutumia mmea wowote amweleze kwanza daktari wake, bila kuona haya.

Liko na jambo la majina, ambalo si dogo. Mbigili wa Maria si mbaruti wa mashambani mwetu. Mbaruti nao una miiba na majani yenye mistari meupe, lakini ua lake ni la manjano na shina likivunjwa hutoa utomvu wa manjano. Mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi, nchini India, mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya mbaruti yaliwavimbisha watu miili na kuwadhoofisha mioyo, na makumi yao wakafariki. Atakayeona picha ya mmea wa Ulaya katika simu yake, kisha akashuka shambani kuvuna mbegu za mbaruti, atakuwa ameliongezea ini lake mzigo, wala kuzichemsha hakutamwokoa.