Uhusiano Unapodai Jedwali Lake

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Uzoefu huo ndio uliotangulia OpenMRS, programu huria ya hospitali iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani. Ukifunua majedwali yake, unakutana na swali linalowasumbua watengenezaji wengi wa programu: taarifa isiyo ya huyu wala ya yule iwekwe wapi?

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa katika mpango wa matibabu ya VVU na wakati huohuo katika ule wa kifua kikuu. Kila mpango nao una wagonjwa wengi. Kwenye jedwali la wagonjwa, safu moja ya “mpango” haitoshi, na kuongeza safu ya pili au ya tatu ni kuahirisha shida tu. Katika mfumo wa majedwali ambao Edgar Codd wa kampuni ya IBM aliueleza mwaka 1970, dawa yake ni jedwali la kati. Kila mstari wake hubeba namba mbili: ya mgonjwa na ya mpango.

Namba hizo mbili zinatosha ikiwa swali ni nani yumo katika mpango gani.

Kliniki, hata hivyo, huuliza zaidi. Aliandikishwa lini? Katika kituo kipi? Alimaliza lini, na kwa matokeo gani? Tarehe ya kuandikishwa haiwezi kukaa kwa mgonjwa, maana mwenye mipango miwili ana tarehe mbili. Haiwezi kukaa kwenye mpango pia, maana kila mgonjwa ana yake. Ni mali ya uhusiano wenyewe. Peter Chen alilionyesha hili mwaka 1976 katika michoro yake ya data, ambamo uhusiano nao unaweza kuwa na sifa zake.

Ndiyo maana OpenMRS ina jedwali liitwalo patient_program, lenye tarehe ya kuandikishwa, ya kumaliza, kituo na matokeo. Kila mstari una namba yake ya utambulisho, na faida yake ni kubwa: mgonjwa aliyeacha mpango akarudi baadaye hupata mstari wa pili, na historia ya kwanza haifutwi.

OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java na hutumia Hibernate, zana iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Kazi ya zana za namna hii ni kugeuza mistari ya jedwali kuwa vitu ambavyo programu inavishughulikia moja kwa moja. Jedwali la kati likiwa na namba mbili tu, zana hulificha: mtengenezaji humwona mgonjwa pamoja na orodha ya mipango yake. Tarehe ikiongezwa, orodha hiyo haina pa kuionyesha. Hapo jedwali la kati hupewa klasi yake, na uhusiano wa wengi kwa wengi hugawanywa kuwa miwili ya mmoja kwa wengi: mgonjwa ana uandikishaji mwingi, na mpango vilevile.

Zana nyingine zilifuata njia hiyohiyo. Rails iliirahisisha katika toleo la 1.1 mwaka 2006, na Django katika toleo la 1.0 mwaka 2008. Mwongozo wa Django hutoa mfano wa bendi ya Beatles: mwanamuziki, bendi, na kati yao uanachama wenye tarehe ya kujiunga na sababu ya kualikwa.

Kuchelewa kuutambua uhusiano wa aina hii kuna gharama. Hapo awali, kila hudhurio la mgonjwa katika OpenMRS liliandikiwa mhudumu mmoja tu, ingawa muuguzi na daktari wanaweza kumhudumia mtu yuleyule siku moja. Toleo la 1.9, la mwaka 2012, lilileta jedwali la kati linalounganisha hudhurio na wahudumu, kila mmoja na jukumu lake. Wahudumu wa mahudhurio ya zamani walihamishiwa humo, lakini kwa kuwa jukumu halikuwa limewahi kuandikwa, waliwekewa jukumu “lisilojulikana”.