Karatasi ya Kufungia Kutoka Migombani

Ukiingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Marikiti, utaona bizari, iliki na pilipili manga zikipimwa na kufungwa kidogo kidogo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo mwenye duka hana budi kutafuta kitu kingine cha kufungia. Mkulima wa Mtwapa au Shimba Hills anayeleta ndizi mjini huacha shambani magogo ya migomba, nayo yana nyuzi zifaazo kwa karatasi.

Je, magogo hayo yaweza kuleta fedha? Yaweza, lakini kidogo, na kwa kazi nyingi. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za gogo ni maji matupu. Mtu asidhani gogo moja litampa bunda la karatasi.

Kata maganda ya gogo vipande vya urefu wa kidole, kisha uvichemshe katika maji ya majivu kwa saa kadhaa, mpaka nyuzi zikatike ukizivuta. Usitumie sufuria ya alumini, maana maji ya majivu huila. Tumia pipa la chuma. Maji hayo huunguza macho, kwa hiyo watoto wakae mbali. Osha nyuzi mpaka utelezi wote uishe, halafu twanga kinuni. Twanga sana! Hapa ndipo wengi huchoka, na karatasi yao hutoka na mabonge na kupasuka upesi. Tia rojo katika beseni la maji, chota kwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba, pindua juu ya kitambaa, kandamiza, anika. Uji mwepesi wa muhogo ukichanganywa na rojo huipa karatasi nguvu.

Nyuzi fupi za mkonge zinazotupwa hufanywa vivyo hivyo, na karatasi yake ni imara zaidi. Lakini mwenye mivinje na auze nguzo zake. Mti wataka mitambo mikubwa, kama ile ya kiwanda cha Webuye kilichoanza kazi mwaka 1974.

Karatasi hii ni ya vitu vikavu, kama iliki na karafuu. Haluwa haifai, samli itapenya. Kabla ya kupika mara ya pili, peleka karatasi 10 dukani, mwenye duka azijaribu kwa mkono wake na aseme atalipa kiasi gani. Ikiwa bei yake hailipi siku zako za kazi, acha magogo yaoze chini ya migomba yawe mbolea.