Moyo wa msikilizaji na makofi ya Kiyovu

Huku Ujerumani mtu anaweza kukata tiketi ya muziki wa klasiki, kisha akafungwa vipimo vya mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi kabla ya kuketi. Jamaa wa Kiyovu, mtaa wa Kigali, wakisikia hucheka. Basi tueleze jambo hili lilivyoanza.

Watafiti walichoka kumchunguza msikilizaji akiwa peke yake maabarani, amevaa spika za masikioni. Mjini Frankfurt, Taasisi ya Max Planck inayochunguza sanaa ina ukumbi wa ArtLab, ambao ni maabara na jukwaa kwa pamoja. Humo walilinganisha piano inayopigwa mbele ya watu na rekodi ya sauti tupu. Wasikilizaji waliburudika zaidi walipomwona mpigaji.

Berlin, katika ukumbi wa Radialsystem, kundi la mtafiti Martin Tröndle lilipima wasikilizaji wa vinanda vitano vya nyuzi vikipiga Beethoven, Brahms na Brett Dean. Matokeo ya tamasha 3 zenye wasikilizaji 132 yalichapishwa mwaka 2023: mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na hata mitikisiko midogo ya mwili ilielekea kupanda na kushuka kwa pamoja, ingawa watu hao walikaa kimya.

Lakini kimya hicho si asili ya muziki wa klasiki. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake. Desturi ya kutulia tuli ilishika mizizi karne ya 19.

Hapa ndipo Kigali inapohusika. Chorale de Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1966, imewazoesha watu wengi muziki wa klasiki, na anayesali katika Kanisa la Mtakatifu Mikaeli pale Kiyovu anajua kwaya ikichangamka waumini hawakai kama sanamu. Wao huonyesha kwa mikono kile ambacho Berlin ilikitafuta kwa vipimo.

Kwa hiyo anayetaka kuandaa tamasha la piano Kiyovu asianze kwa kuwakanya watu wasipige makofi. Nanyi watafiti wa Chuo Kikuu cha Rwanda, pimeni ukumbi unaoshiriki. Sayansi ya msikilizaji iliyojengwa juu ya watu waliofundishwa kunyamaza bado ni nusu.