Breki za Treni Zataka Kumbukumbu ya Kuaminika

Ivuna, katika Mkoa wa Songwe, haipitiwi na reli. Tangu karne nyingi imejulikana kwa chumvi inayopatikana katika chemchemi zake. Hata hivyo, wataalamu wa anga ulimwenguni kote walijua jina lake kwa sababu nyingine: tarehe 16 Desemba, 1938, kimondo kilianguka huko. Mawe yaliyookotwa hayakufikia kilo moja, lakini siku na mahali viliandikwa, na mawe yakahifadhiwa. Leo kundi zima la vimondo huitwa kwa jina la Ivuna, na vumbi la sayari ndogo ya Ryugu, lililoletwa duniani na Wajapani mwaka 2020, limelinganishwa nalo. Jambo lililoandikwa vema huwafaa hata watu ambao hawakulishuhudia.

Funzo hilo lahusu pia reli ya TAZARA, ambayo hupita Vwawa na Tunduma kabla ya kuvuka mpaka kuingia Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,860, na kati ya Mlimba na Makambako hupanda milima kwa mahandaki na madaraja mengi. Katika njia ya namna hiyo, kuiondoa treni ya mizigo kituoni si kazi kubwa kuliko kuizuia mteremkoni.

Breki ya hewa, iliyobuniwa na George Westinghouse wa Marekani katika karne ya 19, hutegemea bomba linalotoka kichwa cha treni hadi behewa la mwisho. Hewa ikijaa bombani, magurudumu huwa huru. Ikipungua, breki hukaza. Lakini kizibo kimoja kikiachwa kimefungwa katikati, mabehewa yaliyo nyuma yake hayapati amri ya dereva. Ndiyo maana kabla ya safari mkaguzi hana budi kuhakikisha kwamba hewa yafika mwisho, kwamba haivuji kupita kiasi, na kwamba breki za kila behewa hukaza na kulegea.

Gharama ya breki kushindwa twaijua. Tarehe 24 Juni, 2002, huko Igandu, Mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mwezi mmoja kabla ya hapo, huko Tenga, Msumbiji, mabehewa ya abiria yaliserereka yakagonga mabehewa ya mizigo, na watu wapatao 190 wakafa. Na mwaka 2013, katika mji wa Lac-Mégantic nchini Kanada, treni ya mafuta iliyoachwa imeegeshwa na breki za mkono zisizotosha iliteremka yenyewe na kuua watu 47.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba jambo hili ni la Bara peke yake. Walipopoteza jamaa zao katika meli ya Spice Islander mwaka 2011, hata idadi ya waliokuwa chomboni ilibishaniwa, kwa kuwa orodha haikuaminika. Chombo ni chombo, kiwe cha baharini au cha relini: karatasi isiyosema kweli ni sawa na kutokuwa na karatasi.

Karatasi ya ukaguzi wa breki ina udhaifu wake. Hubaki kituoni hali behewa limekwenda zake. Huloa mvua na mafuta. Na yaweza kutiwa sahihi baada ya treni kuondoka. Kumbukumbu ya kielektroniki, ikitengenezwa vizuri, huandika nambari ya behewa, kipimo cha hewa, jina la mkaguzi, mahali na saa, wala haibadilishwi bila mabadiliko hayo kuonekana. Tena humfuata behewa: kasoro iliyogunduliwa upande mmoja wa mpaka husomwa upande wa pili kabla ya treni kuwasili. Mhandisi naye aweza kuona kwamba behewa fulani limerudia kasoro ile ile mara tatu.

Lakini mashine haina mikono ya kugusa bomba. Mtu asiyekagua aweza kubonyeza kitufe kama vile alivyoweza kutia sahihi. Kwa hiyo tunawaomba wahusika Serikalini wazingatie mambo manne. Kwanza, kifaa kifanye kazi hata pasipo mtandao, kisha kipeleke habari unapopatikana. Pili, Tanzania na Zambia zitumie fomu ya namna moja. Tatu, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iwe na njia ya kuzisoma kumbukumbu hizo yenyewe, bila kungoja ajali itokee. Nne, mkaguzi anayezuia treni mbovu alindwe, asionekane kuwa ndiye mchelewesha mizigo.

Sheria haitukwamishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuzipa kumbukumbu za namna hii nafasi mbele ya mahakama. Kinachobaki ni nia ya kutenda. Jiwe la Ivuna, dogo kuliko kibaba cha mchele, liliandikiwa siku yake na mahali pake. Treni yenye shehena ya mamia ya tani, na dereva aliyekabidhi uhai wake kwa breki, vyastahili uangalifu usiopungua huo.