Waridi la njano ambalo mtoto anaweza kulichuma bila kuchomwa

Mzazi mwenye watoto wadogo ana sababu ya kuogopa kupanda miwaridi karibu na mlango. Mtoto hunyoosha mkono kuchuma ua, mara anarudi akilia, kidole kinatoka damu. Lakini upo mwaridi mmoja unaopanda ukutani, wenye maua ya njano, ambao karibu hauna miiba kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Rosa banksiae ‘Lutea’, na wengi huuita Lady Banks.

Asili yake ni China. Mwaka 1807 William Kerr, aliyetafuta mimea kwa niaba ya bustani ya Kew, London, alipeleka Uingereza aina yenye maua meupe. Ilipewa jina la Lady Dorothea Banks, mke wa Sir Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyewahi kusafiri na Kapteni James Cook. Aina ya njano ilifika mwaka 1824, ikiletwa na John Damper Parks.

Maua yake ni madogo, yamejaa petali, nayo huchanua kwa vishada vingi hata majani yakafichika. Harufu yake ni hafifu. Huchanua mara moja tu kwa mwaka, majira ya kuchipua, kwa wiki chache.

Hapo ndipo wengi hukosea. Maua hutoka kwenye matawi ya zamani, si kwenye machipukizi mapya. Anayeupogoa kabla ya msimu ili upendeze huwa ameyakata maua yenyewe, kisha hulalamika kuwa mti hauzai. Upogoe mara tu maua yanapokwisha, tena kwa kiasi. Mche mchanga nao huweza kukaa miaka kadhaa bila ua hata moja, kwa hiyo usiung’oe kwa hasira.

Pima pia nafasi. Hufika mita 6 na hata kuzidi, na huhitaji jua na nguzo imara. Katika mji wa Tombstone, Arizona, Marekani, uko ndugu yake mweupe uliopandwa mwaka 1885 kutokana na kipandikizi cha Scotland. Leo matawi yake yametanda juu ya ua mzima, yakishikiliwa na nguzo nyingi, na watu hukaa kivulini chini yake.

Basi ukiupanda, uweke mbali na paa na mifereji ya maji. Watoto wako watakuwa wakubwa, nao utakuwa bado unakua.